Muulize Mkunga: Kadi imeungua, sindano nizihesabuje?

Toleo lililopita niligusia sindano ya pepopunda kwa wajawazito, aya mbili tu, nikaendelea na mambo ya presha. Barua zilizoingia zote zimeng'ang'ania zile aya mbili, kwa hiyo presha ipumzike mwezi huu. Majina nimeyaondoa, maana wengine mnakaa mtaa mmoja na mama wakwe zenu wanasoma ukurasa huu. Kwa wageni: mimi ni mkunga mstaafu, nakaa Pasua hapa Moshi. Nimefanya kazi kliniki na leba, Arusha kwanza kisha Kilimanjaro, tangu enzi za kuchemsha sindano kwenye sufuria mpaka hizi za leo zinazojifunga zenyewe zikishatumika mara moja.

SWALI: Shikamoo mama. Nina mimba ya tatu, miezi minne na nusu, naishi Unga Limited, Arusha. Kadi zangu za kliniki za mimba mbili zilizopita ziliungua chumba chetu kiliposhika moto. Mtoto wa kwanza nilimzalia kwetu Singida, wa pili hapahapa Arusha mwaka 2021. Nakumbuka mimba ya kwanza nilichomwa sindano ya bega mara mbili, ya pili nadhani mara moja. Nesi amesema hana ushahidi, kwa hiyo naanza upya, akaandika dozi ya kwanza. Jirani yangu ananiambia sindano zikizidi zinaharibu damu ya mtoto. Nirudi kwa ile ya pili au nisirudi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa moto. Nianze na jirani. Sindano ikizidi moja au mbili haiharibu damu, yako wala ya mtoto. Ndani yake hamna mdudu hai. Kuna ile sumu ya mdudu wa pepopunda iliyopozwa makali mpaka haiwezi kudhuru, ila mwili ukiiona unajifunza kutengeneza kingamwili. Ukichomwa zaidi ya inavyotakiwa, unachopata ni mkono kuuma na kuvimba kuliko kawaida. Basi.

Nesi naye hajakosea. Utaratibu ndivyo ulivyo: sindano isiyoandikwa popote inahesabiwa haikuchomwa. Sisemi wewe ni mwongo. Nimekaa kwenye ile meza, nikiuliza "mama umeshachoma ngapi?" najibiwa "zote", na huyo mama akiambiwa zote ni ngapi anamtazama mwenzake aliyekaa naye kwenye benchi. Wengine wanachanganya na sindano za uzazi wa mpango, wengine na ile ya kuongeza uchungu. Kumbukumbu ya bega haina tarehe.

Sasa hesabu yenyewe, na nitaiandika kwa kirefu kwa sababu kliniki hamwambiwi, mnapewa tarehe ya kurudi tu. Sindano hizi hazihesabiwi kwa mimba. Zinahesabiwa kwa maisha yako ya uzazi, na jumla yake ni tano kwa mtu ambaye hana kumbukumbu yoyote ya utotoni. Ya kwanza unachomwa siku unayoanza kliniki, na hiyo peke yake haikulindi, inauamsha mwili tu. Ya pili inakuja si chini ya wiki nne baadaye, na hapo kinga inakaa kama miaka mitatu. Ya tatu ni baada ya miezi sita au zaidi, au kwenye mimba inayofuata, inakupa miaka mitano. Ya nne, baada ya mwaka au mimba nyingine, miaka kumi. Ya tano, tena baada ya mwaka au zaidi, inakutosha mpaka utakapoacha kuzaa. Ndiyo maana mama wa mimba ya kwanza huchomwa mbili, halafu kila mimba moja mpaka zitimie.

Angalia ilivyo kwako. Kama unakumbuka sawasawa, ulikuwa na tatu, na hii uliyochomwa juzi ni ya nne. Kama hukumbuki sawasawa, ni ya kwanza. Kwa vyovyote haikupotea. Kazi iliyobaki ni kutafuta maandishi kabla wiki nne hazijaisha. Nenda kile kituo ulichohudhuria 2021, uwaombe kwa adabu watazame vitabu vya MTUHA, yaani yale madaftari ya kumbukumbu za kituo, vya wajawazito. Wape mwezi uliojifungua, nao warudi nyuma miezi sita, saba. Usiende kuwaambia "ilikuwa mwaka ule wa mvua". Chukua na kadi ya mtoto wa pili kama iliokoka, maana alipokwenda kwa penta ya kwanza, ile chanjo ya watoto wachanga yenye pepopunda ndani yake, nesi alitakiwa kuuliza mama yake alikuwa amechanjwa ngapi. Ukipata mstari wenye tarehe, mpelekee nesi wako arekebishe, na ya wiki nne hutaihitaji. Usipopata, rudi siku hiyo uchomwe ya pili bila kinyongo.

Kadi mpya ipige picha kwa simu, mbele na nyuma, umtumie mume na dada yako. Na kabla hujainuka kwenye kiti hakikisha nesi ameandika tarehe. Nina ugomvi wa siku nyingi na wenzangu wanaoweka alama ya vema tu. Vema haina mwaka, na miaka minne baadaye haimsaidii mtu. Ukiona imeandikwa Td badala ya TT, ile ya pepopunda peke yake, usishtuke, ni sindano ya siku hizi iliyounganisha pepopunda na dondakoo, hesabu ni ileile.

SWALI: Mimi ni bibi, naandikiwa na mjukuu wangu, natoka Uru. Nimezaa tisa wakabaki saba, wote nilizalia nyumbani kwa mkono wa mama mkwe wangu. Hakuna aliyenichoma sindano. Kitovu kilikatwa, kikapakwa tulichopaka, kikakauka. Sasa mke wa kijana wangu kila mimba anakimbilia kliniki kuchomwa, na ameniambia nisiguse kitovu cha mtoto. Hizi sindano si njia ya kututia hofu?

JIBU: Shikamoo bibi. Nimefurahi umeandika, maana wengi wa umri wako huwa mnanung'unikia jikoni tu.

Hao wawili hukusema waliondoka na nini, nami sitabahatisha. Nitakueleza ninachokijua kwa macho yangu, wewe ulinganishe mwenyewe.

Mtoto mwenye pepopunda huzaliwa mzima. Analia, ananyonya, siku mbili za kwanza hamna mtu ana wasiwasi. Kuanzia siku ya tatu hivi, mara nyingi karibu na siku ya saba, anaanza kuliachia ziwa. Mama anadhani ana mafua. Ukimwingiza kidole kinywani taya halifunguki, midomo imekaza na kuvutwa pembeni, paji la uso limekunjamana. Kisha mwili unakaza wote, mgongo unapinda kwa nyuma, ngumi zimefungwa. Anaachia kidogo, halafu mlango ukigongwa anakaza tena. Wodini tulikuwa tunaziba madirisha kwa mashuka mazito, tunavua viatu, tunaongea kwa ishara. Maziwa tulimpa kwa mpira wa puani, na kumbadilisha nepi tulisubiri dawa ya usingizi imkolee, kwa sababu kumgusa tu ni kumwanzishia. Akili yake wakati wote huo inafanya kazi, bibi. Ugonjwa huo hauli fahamu, anasikia kila kitu. Asiyetibiwa karibu hakuna anayepona, na hata wa hospitali wengi tuliwapoteza.

Wazee walikuwa wanasema ni kijicho, au mtoto amekutana na kitu njiani. Siwalaumu. Mtoto aliyekuwa ananyonya jana, kidonda hakina usaha, homa hukuiona, ungesema ni nini?

Mdudu wake anakaa ardhini na kwenye utumbo wa ng'ombe, mbuzi, kondoo na farasi. Akitoka na kinyesi anajifunika gamba gumu, anakaa kwenye udongo miaka, jua halimuui. Sasa fikiria kihamba chako, hilo shamba linalozunguka nyumba. Ng'ombe amefungwa zizini hatua chache kutoka jikoni, samadi inamwagwa kwenye migomba, viatu vinaingia na kutoka. Na zamani, wewe unajua kuliko mimi, ng'ombe na watu walilala nyumba moja. Mdudu huyo hapendi hewa. Kidonda cha wazi kinachotoa damu hakimpi nafasi kama kinavyompa kipande cha kitovu kinachokufa polepole, kilichokatwa kwa kisu cha ndizi, kikapakwa jivu, masizi au kinyesi na kufunikwa. Hapo chini hewa haipiti, anazaliana na kumwaga sumu, sumu inapanda kwenye mishipa ya fahamu.

Utaniuliza, kwa nini asichanjwe mtoto mwenyewe? Anachanjwa, lakini penta inaanza akiwa na wiki sita. Ugonjwa unamfuata wiki ya kwanza. Hatuwezi kumwahi. Njia iliyopatikana ni kumchoma mama mapema, mwili wake utengeneze kinga, kinga ipite kwenye kondo la nyuma imwingie mtoto akiwa bado tumboni. Anatoka nayo. Ndiyo maana mkwe wako anachomwa yeye, na ndiyo maana akikosa hakuna atakayejua mpaka siku ya saba.

Kuhusu hofu: mwaka 1988 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto wachanga 787,000 walikufa kwa ugonjwa huu duniani. Kwa mwaka mmoja, bibi. Kufikia 2018 makadirio yalikuwa yameshuka hadi 25,000. Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeutokomeza, maana yake katika kila wilaya kwa mwaka apatikane chini ya mtoto mmoja mgonjwa kwa kila vizazi hai 1,000. Lakini haukuisha kama ndui ilivyoisha. Ndui ilitoka kwa mtu kwenda kwa mtu, ukiwakinga watu inakosa pa kwenda. Huyu yuko kwenye samadi, na samadi hatuachi kuitumia. Wauguzi vijana wa leo wengi hawajawahi kumwona mtoto wa namna hiyo, na mimi naomba wasimwone.

Juu ya kitovu mkwe wako yuko sahihi, ingawa angeweza kukuambia kwa lugha nzuri zaidi. Kisipakwe kitu ambacho hakikutoka kliniki: si mafuta, si maziwa ya mama, si mate, si majivu. Kiachwe kikavu, nepi ikunjwe ishuke chini yake ili mkojo usikilowanishe, na anayekigusa awe amenawa kwa sabuni. Kitaanguka chenyewe. Kikitoa harufu, usaha, au ngozi ya pembeni ikawa nyekundu, mbebeni mwende naye hospitali siku hiyohiyo.

Kazi yako haijaisha hapo. Huyo binti anahitaji mtu wa kumlea uzazi, kumpikia mtori na kumshikia mtoto alale. Hayo kliniki hatuna.

SWALI: Nina miezi mitano, nipo Sakina. Mume wangu amenikataza sindano ya pepopunda. Ametumiwa ujumbe WhatsApp, sauti ya daktari akieleza kuwa ni mpango wa kufunga vizazi vya Waafrika, na kwamba ndiyo maana wanachomwa wanawake tu. Tunasali wote, na yeye anaamini kabisa. Nimuambie nini bila kugombana?

JIBU: Sauti hiyo nimetumiwa na mimi, na kila inapokuja daktari anakuwa mwingine.

Mwambie kwanza kwamba hujamdharau, maana uvumi huu una asili yake. Mwaka 2014 maaskofu Katoliki wa Kenya walitilia shaka kampeni ya chanjo ya pepopunda nchini mwao. Walisema sampuli zilipimwa zikakutwa na homoni ya hCG, ile ambayo kipimo cha mimba cha mkojo kinaitafuta. Serikali ya Kenya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakakanusha. Wataalamu wa maabara walieleza kuwa vipimo vile vimetengenezwa kusoma damu na mkojo wa binadamu, na ukivitumia kupima dawa ya kwenye chupa majibu yake hayategemeki. Kuna na chembe ya ukweli iliyoupa uvumi miguu: karne iliyopita watafiti nchini India walijaribu kutengeneza chanjo ya kuzuia mimba kwa kuibandika homoni hiyo kwenye sumu iliyopozwa ya pepopunda. Ulikuwa utafiti, kwa watu waliojua wanachojaribiwa, na ni kitu tofauti kabisa na sindano ya kliniki. Mtu akisikia nusu ya habari hiyo saa nne usiku, lazima asilale.

Halafu mshike mkono mpite naye mbele ya kliniki yoyote ya Arusha asubuhi ya Jumatatu. Wanawake wa nchi hii wamechomwa sindano hii miongo kwa miongo, wengi mara nne au tano. Mabenchi hayatoshi. Kama ni mpango wa kufunga vizazi, aliyeupanga angeshafukuzwa kazi.

Kwa nini wanawake? Kwa sababu mwenye kitovu anakaa tumboni mwa mwanamke. Mwanaume naye huchomwa, akiumia. Hospitali za kanisa za mikoa yetu hii miwili, za Katoliki na za Kilutheri, nazo zinawachoma wajawazito sindano hiyohiyo.

Ila usimalize kwa maneno. Mwite aje kliniki. Akikusindikiza, vituo vingi vitawahudumia mapema, kwa hiyo ana faida ya kurudi kazini. (Nikiwa hapo niseme: wenzangu mnaomrudisha mama nyumbani kwa kuwa amekuja bila mume, mkamtaka barua ya mwenyekiti wa mtaa, mnawafukuza haohao tunaowatafuta. Mpimeni, mchomeni, barua baadaye.) Amuombe nesi amwonyeshe chupa. Si siri. Ni kichupa kidogo cha dozi kumi, kinatoka kwenye kisanduku cha baridi, na kwenye lebo au kifuniko kuna duara lenye mraba katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijapata joto la kuiharibu. Mraba ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi, haichomwi mtu. Chanjo hii inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na tofauti na nyama ya friji, ikiganda ndiyo imekufa. Atazame nesi anavyofungua bomba jipya kutoka kwenye karatasi yake, nusu mililita, begani, kwisha. Mwanaume akishaona kitu kwa macho yake, mara nyingi ile sauti ya kwenye simu inapungua nguvu.

Akikataa bado, mwili ni wako na kliniki haikudai kibali chake. Sipendi iwe hivyo kwenye nyumba, lakini nitakudanganya nisipokwambia.

SWALI: Nimepangiwa upasuaji hospitali kubwa Moshi, vyombo vyote visafi. Sindano ya pepopunda ya nini?

JIBU: Usafi wa chumba cha upasuaji unakulinda siku moja. Unarudi nyumbani siku chache baadaye na kitovu bado hakijaanguka. Na uchungu hausomi tarehe ya upasuaji: nimepokea zaidi ya mama mmoja aliyezalia kwenye kiti cha nyuma cha teksi hapo mzunguko wa YMCA. Inakulinda na wewe pia, kwenye kidonda chako. Choma.

SWALI: Nimechomwa jana, bega limevimba, naona na joto kidogo. Nimekosea?

JIBU: Hujakosea. Siku moja mpaka tatu itaisha. Usilisugue wala kulikanda kwa maji ya moto, tumia mkono kama kawaida, na ukizidiwa paracetamol inaruhusiwa kwa mjamzito. Joto likipanda sana au likivuka siku ya tatu, usiilaumu sindano; nenda kapime malaria na mkojo.

SWALI: Binti yangu wa kidato cha pili alichomwa sindano ya bega shuleni. Akija kuolewa atakuwa ameshapata ya pepopunda?

JIBU: Hapana. Hiyo karibu hakika ni ya HPV, ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchi nzima ilianza kuwapa wasichana wa miaka 14 mwaka 2018, Kilimanjaro wakiwa wametangulia kwa majaribio. Ni nzuri na aitunze kadi yake, lakini haihesabiki huku. Kinachohesabika ni zile penta tatu za utotoni. Kama kadi yake ya mtoto bado unayo, usiitupe kamwe. Mwanamke mwenye ushahidi wa penta tatu anapopata mimba ya kwanza anachomwa mbili kama wengine, ila safari yake baada ya hapo ni fupi.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, upande wa Longido. Nina mama ana miezi minane kamili, hajawahi kufika kliniki, boma lao liko mbali. Bado kuna faida ya kumpeleka?

JIBU: Mpeleke kesho, mwanangu. Kumbuka hesabu mbili: wiki nne kati ya sindano na sindano, na wiki mbili kati ya ya pili na kujifungua ili kinga iwahi kupita kwa mtoto. Ukimpata leo, ya pili inaangukia kwenye tarehe zake. Inaweza kuwahi, inaweza isiwahi. Hata ikichelewa ni mtaji wa mimba ijayo, mradi iandikwe. Ila kwa mtoto huyu usitegemee sindano peke yake. Zungumza na yule mama mzee atakayemzalisha akishindwa kufika kituoni: mikono inawe kwa sabuni, wembe mpya ambao haujatoka kwenye karatasi yake, uzi safi, kitovu kisipakwe samadi wala udongo. Mwendee na zawadi ya majani ya chai na sukari, kaa chini, sikiliza kwanza. Ukianza kwa kumkataza atakuitikia tu, ukiondoka atafanya anavyojua. Na mtoto akizaliwa, apelekwe kituoni ndani ya siku chache hata kama ananyonya vizuri.

SWALI: Mama mkunga, mimi ni fundi ujenzi, Boma Ng'ombe. Mke wangu ana kadi yenye sindano nne. Mimi wiki iliyopita nimekanyaga msumari wa ubao, nikatia mafuta ya taa kikakauka. Kidonda hakiumi. Kinga ya mke inanisaidia?

JIBU: Haikusaidii hata chembe, kaka. Kinga ya pepopunda haiambukizani, kama ugonjwa wenyewe usivyoambukizana. Kila mtu na yake. Hata ukiugua ukapona, mwili haujifunzi chochote, unaweza kuugua tena. Na ndipo lilipo pengo letu: mwanamke anakutana na sindano hii kliniki atake asitake, mwanaume wa umri wako huenda ya mwisho alipata akiwa mgongoni kwa mama yake, kama alipata. Bodaboda, mafundi, wachimbaji wa mchanga, wafugaji, nyinyi ndio mnaokanyaga na kuchomwa kila siku.

Kutu si tatizo, watu wengi wanakosea hapo. Msumari mpya uliolala kwenye udongo wa zizi ni hatari kuliko wenye kutu uliokaa dukani. Tatizo ni tundu: jembamba, refu, linajifunga juu haraka na kufungia uchafu chini kusiko na hewa. Mafuta ya taa yameunguza ngozi ya juu, huko chini hayakufika. Kidonda kutouma hakuniambii kitu, kwa sababu dalili zinaweza kuja kuanzia siku chache mpaka wiki tatu na zaidi baada ya kuumia.

Kwa hiyo nenda kituo cha afya leo, si Jumamosi. Waeleze msumari, siku, na kwamba hukumbuki chanjo yoyote. Watakisafisha, watakuchoma ya kwanza, na daktari ataamua kama unahitaji pia ile dawa yenye kingamwili zilizo tayari, maana chanjo peke yake inachukua muda kuamka. Uliza bei kabla, kwa sababu ile ya bure ya wajawazito si lazima wewe uipate bure. Kisha rudi baada ya wiki nne, na tena baada ya miezi sita. Waambie wakuandikie kwenye kadi au daftari, tarehe na yote.

Kabla ya hapo, ukiona taya linakaza wakati wa kula, shingo ngumu au kumeza kwa shida, usisubiri kupambazuka. Amka, mwambie mke atafute usafiri, mwende hospitali ya mkoa moja kwa moja, na mkifika muwatajie msumari kabla hamjataja kitu kingine.